Mdomo Niliousogeza

Mara ya mwisho niliwaacha ninyi wasomaji nikiwa sebuleni kwa kina Fonti, simu ya mama yake mkononi mwangu, jasho jembamba likinishuka mgongoni. Kwenye simu kulikuwa na mzee anaongea. Mzee huyo nilikuwa nimemwongelesha mimi, kwa kompyuta.

Kwa aliyeukuta mkasa huu njiani, nimpe kwa ufupi. Mimi ni mwanafunzi wa usanifu. Chuoni kwetu tunajifunza kuchora nembo, kutengeneza tovuti, na uhuishaji, yaani kuifanya picha iliyotulia itembee na kusema. Kwa wembamba wangu wananiita Penseli.

Laptopu yangu iliungua siku ya mtihani, nikanusurika kufukuzwa. Ndipo Mwalimu Gridi, anayetufundisha, akaniletea mteja wa kutoka nje ya chuo, nipate pesa ya kununua nyingine. Mwanamume mtanashati, mpole, kola ya shati imenyooka kama imekatwa kwa rula. Alitaka picha ya kaka yake isogeze mdomo.

"Kaka amepooza, binti yangu," aliniambia huku akijifuta machozi. "Haongei tena. Sauti zake za zamani ninazo. Tunataka familia imwone kama alivyokuwa."

Nikalia naye. Nikakata sauti alizoniletea, nikaziunga kama alivyonielekeza, nikamtia mzee pumzi, nikampepesesha macho. Nikaifubaza video ili ionekane imepigwa kwa simu. Jina lake hakunipa, nami sikuuliza. Kichwani nikamwita Mteja.

Sasa mzee yule yule alikuwa ananitazama kutoka kwenye simu ya Mama Fonti.

"Mbona umeganda?" Fonti alinicheka. "Huyo ndiye Mzee Brashi mwenyewe! Baba yangu! Hujawahi kumwona, basi mwone."

Fonti ni rafiki yangu wa dawati moja. Jina hilo, la mtindo wa herufi, tulimpa kwa sababu anaweza kununa siku nzima kwa ajili ya mkia wa herufi moja. Ugonjwa huo ameurithi. Baba yake ni mchora mabango, mtu wa rangi na brashi, mwenye karakana kwenye barabara kubwa. Alikuwa ameondoka na mdogo wake kwenda kutibiwa kifua. Mdogo mtu akarudi peke yake na maelezo: kaka amelazwa, kifua kinaambukiza, wageni marufuku, kuongea kwa simu marufuku.

Kisha ikaja video.

"Mke wangu, usihofu," mzee alisema kwenye simu. "Naendelea vizuri. Mpe mdogo wangu hati ya karakana. Fanya haraka."

Lile neno "haraka" nililijua lilikotoka. Nililikata mahali ambapo mzee alikuwa akisema, "Usifanye haraka."

"Nataka niiweke ukurasa wa mbele," Fonti alisema.

"Ukurasa wa mbele wa nini?"

"Wa tovuti ya Baba, Penseli! Kazi yangu ya mwisho wa muhula! Mtu akifungua tu, Mzee Brashi huyo, anamkaribisha. Hapo kwenye hati utanikatia, uniachie salamu. Si ndiyo kazi yako, kukata na kuunga?"

Nilitaka kucheka, kikatoka kikohozi.

Mama Fonti alikuwa kwenye kochi la pembeni anakunja nguo. Hakuinua macho. "Mpe mwenzio maji," alisema tu.

Nikasema moyoni, liwalo na liwe. Nikavuta pumzi. "Fonti, hii video..."

"Hodi humu ndani!"

Sauti hiyo nilikuwa nimekaa nayo bega kwa bega wiki nzima.

"Karibu, Baba Mdogo!" Fonti aliruka kumpokea mfuko wa matunda. "Umetukuta tunamtazama Baba. Huyu ndiye rafiki yangu ninayekusimulia kila siku. Penseli."

Mteja alisimama mlangoni. Macho yetu yakagongana. Nikasubiri ashtuke, na wala hakushtuka. Aliachia tabasamu pana la mtu anayeonyeshwa mtoto mchanga.

"Shikamoo," nilisema. Sauti ilitoka nyembamba kama ya mbu.

"Marahaba, mwanangu. Nawe unasoma huko huko kwa kina Fonti?"

"Ndiyo."

"Unasomea nini hasa?"

Alikuwa ananiuliza nasomea nini! Mtu aliyekaa kwenye kiti cha pembeni yangu, akinyoosha kidole kwenye kioo cha kompyuta: kata hapa, unga hapa.

"Katuni," nilisema.

"Siyo katuni!" Fonti aliingilia. "Ni uhuishaji, Baba Mdogo. Huyu ndiye bora darasani. Anaweza kukuongeleshea hata kijiko."

"Kweli?" Mteja aliketi, akapandisha suruali kidogo magotini ili isijikunje. "Basi siku moja uniongeleshee."

Fonti alicheka. Mama yake alicheka kidogo pia, akachukua shati jingine kulikunja.

"Shemeji," Mteja alimgeukia, "ile hati?"

"Ufunguo wa sanduku haujaonekana, shemeji. Jana nimegeuza magodoro yote."

"Juzi ulisema uko kwa dada yako."

"Dada naye akatafuta, hakuuona."

"Kaka amesema haraka. Umemsikia kwa masikio yako."

"Nimemsikia," Mama Fonti alijibu. "Sauti yake kabisa."

Nikaona niondoke kabla sijazimia. Niliaga, nikachukua begi. Mteja naye akasimama.

"Ngoja nimsindikize binti mpaka getini. Siku hizi mtoto wa mwenzio ni wako."

* * *

Getini lilikuwa limeegeshwa gari lake la kijivu. Aliegemea mlango wake kana kwamba tunapunga upepo. Watu walikuwa wakipita, jua linawaka.

"Umekunywa maji ya kaka yangu," alisema. "Umekaa kwenye kochi la kaka yangu. Kwa nini hukuniambia unawajua watu hawa?"

"Sikujua kama ndio."

"Nakuamini. Sura yako haina uongo. Ndiyo maana nina hofu nayo."

"Mzee yuko wapi?"

"Amepumzika."

"Amepooza au amelazwa? Mimi uliniambia amepooza. Kwao umesema amelazwa."

Aliondoa kijiuzi kwenye bega langu, taratibu, kama baba anayemtengeneza mwanawe kabla ya picha. Nilitamani ngozi inivuke.

"Sikiliza, Penseli. Mimi kompyuta siijui. Hata kuwasha naomba msaada. Watu wakija kuuliza nani alimtia marehemu maneno mdomoni, watatafuta mtu anayejua kompyuta. Si ndiyo?"

"Umesema marehemu."

Alitazama barabara. Kisha akacheka.

"Nimesema mgonjwa. Masikio yako yamechoka, mwanangu. Nenda kapumzike. Msalimie mama. Bado anashona vile vibegi vya shule pale kwenye kibaraza cha duka la vioo?"

Sikuwahi kumwambia mama yangu anafanya kazi gani wala wapi.

Nilitembea mpaka kona bila kugeuka. Nilipofika kona, nikakimbia.

* * *

Asubuhi nilikuwa wa kwanza kwenye chumba cha kompyuta. Nilitaka ushahidi. Nilitaka lile faili lenye vipande vyote, sauti juu ya sauti, mdomo juu ya mdomo, ili yeyote mwenye macho aone mzee hakusema yale maneno. Nikiwa nalo, ningeenda kwa Fonti nimpigie magoti.

Niliwasha kompyuta yangu, ile ya dirishani. Nikafungua folda. Haina kitu.

Nikatafuta kwenye kompyuta ya pili. Haina kitu. Nikaingia kwenye hifadhi ya chuo. Kazi za wenzangu zote zilikuwepo: nembo za saluni, mpira unaodunda, tovuti ya duka la viatu ambayo mpaka leo vitufe vyake havibonyezeki. Kazi yangu peke yake ndiyo iliyofagiliwa.

"Unatafuta nini, Penseli?"

Mwalimu Gridi alikuwa nyuma yangu na kikombe chake. Ni mtu wa mistari iliyonyooka. Tulimpa jina hilo kwa sababu hata viti vya darasani anavipanga kwa kamba. Siku hiyo shati lake lilikuwa limefungwa vifungo kombo.

"Mwalimu, faili za yule mteja wangu ziko wapi?"

"Nimezifuta."

"Kwa nini?"

"Mteja akisema futa, unafuta. Kazi ni yake." Alitazama mlango kabla ya kuongeza, "Alipiga jana jioni."

"Mwalimu, yule mtu ametudanganya. Yule mzee ni baba yake Fonti!"

Chai ya kikombeni ilimmwagikia kiatuni. Hakukitazama hata kiatu.

"Usiseme hivyo humu."

"Ulijua?"

"Nilijua ni mtu anayelipa vizuri na anauliza maswali mengi. Anajua kila mtoto wangu anakosoma. Kwa majina, Penseli." Alishusha sauti. "Nakuomba kama mwanangu. Kaa mbali. Mimi nina kipindi."

Kipindi hakuwa nacho. Alitoka, na nje nikamsikia akifunga mlango wa ofisi yake kwa ufunguo kutoka ndani.

Nilibaki nimekaa. Ndipo nikakumbuka kitu ambacho yeye mwenyewe alitufundisha tulipoanza masomo: ile programu yetu hujiwekea nakala zake yenyewe, pembeni, ili umeme ukikatika mtu asipoteze kazi. Zinakaa mahali ambapo hakuna anayefungua.

Labda alisahau kuzifuta. Labda hakusahau, aliziacha makusudi. Mpaka leo sijui.

Nilizikuta zimejipanga zote. Na si video tu. Zile sauti nzima alizoleta Mteja, ambazo mimi nilizikata vipande, zilikuwepo vile vile, ndefu kama zilivyoingia.

Nilikuwa sijawahi kuzisikiliza mwanzo hadi mwisho. Mteja alikuwa akikaa pembeni yangu, anasema, anzia hapa, ishia hapa, zilizobaki ni kukohoa tu, usijisumbue.

Nikavaa spika za masikioni. Nikaacha ile ya mwisho iende.

Mzee alikohoa. Akasema "usihofu". Akasema "naendelea vizuri". Yale maneno niliyajua kwa moyo. Kisha ikapita pale nilipokuwa nimeambiwa nikate. Nikasikia kiti kikiburutwa. Nikasikia mzee akihema.

"Nimeshasema ulivyotaka, mdogo wangu. Sasa nifungulie hilo dirisha. Humu ndani hakuna hewa."

Sauti ya pili ikajibu, ya upole kabisa: "Sema tena ile ya hati."

"Nakwambia tena, usifanye haraka, tuongee kama ndugu. Nifungulie dirisha kwanza."

Hapo rekodi ikakatika.

Sauti za zamani, aliniambia. Hazikuwa za zamani hata kidogo. Alizirekodi kwenye chumba alichomfungia kaka yake, akaniletea mimi nizipambe.

Mkono uliniangukia begani. Nilipiga kelele.

"Wee! Una wazimu?" Alikuwa Fonti. "Nimekuita mara ngapi? Unasikiliza nini mpaka umekuwa mweupe hivyo?"

Nilijaribu kuzima kioo. Nilichelewa. Uso wa baba yake ulikuwa pale, umekatwa vipande: nyusi peke yake, kope peke yake, na mstari mzima wa midomo, mmoja wa A, mmoja wa O, mmoja uliofumba.

Fonti aliitazama ile midomo. Alikuwa msanifu kama mimi. Hakuhitaji kuelezwa.

"Penseli," alisema taratibu. "Hiki ni nini?"

Alinivua zile spika, akazivaa yeye, akabonyeza.

Nilimtazama uso akisikiliza. Sitamani mtu yeyote auone uso wa namna ile. Ilipofika kwenye dirisha, alifumba macho.

"Ulijua?"

"Haki ya mama yangu sikujua mpaka jana. Aliniambia amepooza. Nilikuwa nakuambia ndipo akapiga hodi..."

"Ulilala na jambo hili usiku kucha?"

"Niliogopa."

Alinisukuma kifuani, nikagonga meza. Sikumlaumu. Alinisukuma tena, na mara hii mikono yake ikabaki imenishika shati, akalilia pale pale kifuani kwangu, bila sauti, meno yameuma kitambaa.

"Nakili hizo sauti," alisema alipoinua kichwa. "Twende kwa Mama. Na usinisemeshe njiani."

Sikumsemesha.

* * *

Mama Fonti alikuwa uani anaanika shuka. Fonti alianza kueleza, akashindwa. Nikaeleza mimi. Nilisema yote, kwa kigugumizi, macho yangu kwenye ndoo ya maji. Nilingoja kofi, nilingoja yowe.

Alibana pini ya mwisho kwenye kamba.

"Najua," alisema.

"Unajua nini, Mama?" Fonti aliuliza.

"Kwamba yule wa kwenye simu siye baba yako. Nilijua mara ya kwanza nilipoonyeshwa." Alijifuta mikono kwenye gauni. "Baba yako alianguka na ngazi akipaka bango, akapasuka juu ya jicho la kushoto. Nimeliuguza lile kovu mimi. Huyu wa kwenye simu kovu analo kulia."

Nilikaa chini, pale pale kwenye simenti.

Ni mimi niliyeipindua ile picha. Mzee alikuwa anatazama nje ya fremu, na darasani tunakatazwa hilo. Uso utazame ndani, macho ya mtu yasikimbie kazi yako. Basi nikaigeuza kama mtu anavyogeuza shati. Nilibonyeza mara moja, wala sikufikiria tena.

"Mimi nimeitazama kutwa nzima, Mama, na sikuona," Fonti alisema.

"Wewe ulikuwa unamtazama baba yako. Mimi nilikuwa namtazama shemeji, jinsi anavyonitazama nikiitazama."

"Na ukanyamaza! Unamkaribisha! Unampikia!"

"Ulitaka nifanyeje?" Kwa mara ya kwanza alipandisha sauti, kisha akatazama ukuta wa jirani na kuishusha. "Polisi nilikwenda. Wakaniambia ni mambo ya ndugu, nenda kayamalize nyumbani. Kabla jua halijazama, shemeji alikuwa hapa ananiuliza, nasikia ulitembea leo? Tangu siku hiyo nimekuwa mjinga. Ufunguo umepotea. Ufunguo uko kwa dada. Kwa sababu siku nitakayompa hiyo hati, baba yako hana kazi tena kwake. Umenielewa? Na anayejua alipo ni yeye peke yake."

Fonti alimshika mkono.

"Kitu kimoja tu sikukijua," mama yake alisema. "Kama namngoja mtu aliye hai."

Nilitoa simu yangu. Nikamwekea ile sauti.

Alisikiliza amesimama, shuka zikipepea nyuma yake. Iliposema "nifungulie hilo dirisha", aliinama kana kwamba amepigwa tumboni, akashika kamba ya nguo. Mashuka yote yakainama naye.

"Rudisha hapo," alisema. "Pa dirisha."

Nikarudisha.

"Ni yeye. Hata kwenye baridi halali madirisha yamefungwa. Mtu huyu tumegombania madirisha miaka yote ya ndoa." Alikuwa analia na kucheka pamoja. "Yu hai. Mwanangu, baba yako yu hai."

Walikumbatiana. Mimi nilikaa kando, sijui niweke wapi mikono yangu.

Ndipo simu ikaita mkononi mwangu.

Ilikuwa namba ya Mteja.

Tuliitazama wote watatu kama nyoka kaingia uani. Nilitaka kuikata. Mama Fonti alinishika kifundo cha mkono, akatikisa kichwa. Akanionyesha kwa ishara: pokea, weka wote tusikie.

"Penseli, mwanangu," alisema Mteja. "Umeamkaje?"

"Salama."

"Ile kazi imependwa. Ila shemeji yangu mzito. Nataka nyingine, fupi tu. Leo leo."

"Mzee aseme nini?"

"Aage."

Fonti alijiziba mdomo kwa viganja viwili.

"Aage vipi?"

"Kama watu wanavyoaga. Amechoka, anawapenda, wasihangaike kuja kuzika, mdogo wake atashughulikia kila kitu. Na hati, asiisahau hati. Wewe una kipaji, utajua kupanga."

"Sauti utaniletea?"

"Tumia zile zile. Hakutakuwa na nyingine."

Aliyasema hayo kwa utulivu wa mtu anayekuambia duka limefungwa. Mama Fonti alikuwa amesimama mbele yangu, uso umemwiva kwa machozi, lakini macho yake yalikuwa makavu sasa, yanawaza mbio. Alinisogelea sikioni mpaka nikasikia pumzi yake.

"Mwambie hazitoshi," alinong'ona. "Mwambie huwezi bila sauti mpya."

Nilimwelewa. Maadamu ninadai sauti, mwenye sauti anahitajika.

"Hazitoshi," nilisema.

"Nini?"

"Sauti. Maneno hayo hayamo. Kuzika halimo, kwaheri halimo. Nikiunga kwa kulazimisha itasikika kama redio mbovu, na safari hii watasikiliza kwa makini. Msiba si mchezo. Lazima ayaseme mwenyewe." Sijui ujasiri huo ulitoka wapi. "Na arekodiwe vizuri. Ile ya kwanza ulirekodi vibaya, kuna mwangwi."

Nilisikia akipumua. Nilisikia na kitu kingine, kama kiatu kinachokanyaga kokoto.

"Una maiki?" aliuliza mwishoni.

"Ya chuo."

"Basi utarekodi mwenyewe. Nitakupeleka."

Fonti alinishika mkono, akawa anatikisa kichwa: hapana, hapana, hapana. Mama yake hakutikisa chochote. Alinitazama tu, na kwenye macho yale nikaona anaomba kitu ambacho hakuna mama anayeweza kumwomba mtoto wa mwenzake kwa mdomo.

"Sawa," nilisema. "Nikukute wapi?"

"Usijisumbue kutembea, mwanangu."

Nyuma ya ukuta wa ua, hatua chache kutoka tuliposimama, honi ya gari ililia mara moja, kifupi, kwa adabu. Wakati ule ule ililia na ndani ya simu yangu.

"Toka tu hapo kwenye mashuka," Mteja alisema. "Na umwambie shemeji asilie, atapandisha presha."